Istilahi na Muundo wa Insha ya Hoja

Mtahiniwa wa Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, huandika insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kila moja isiyopungua maneno 400 na yenye alama 20. Insha ya kwanza ni ya lazima, na mara nyingi huwa utungo wa kiuamilifu (wa shughuli halisi za maisha) wenye sura inayojulikana: barua rasmi, kwa mfano, ina anwani mbili, tarehe, mtajo (maneno ya kumwita mwandikiwa), mada, mwili na kimalizio chenye sahihi na jina. Insha ya hoja, yaani ile inayojadili suala na kutetea msimamo, haina sura ya kukariri namna hiyo, na ndipo wengi hupotea.

Tuchukue swali hili: “Kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki kumeleta manufaa mengi kuliko hasara. Jadili.” Mada ni jambo linalozungumziwa, yaani marufuku ya mifuko. Msimamo ni jibu la mwandishi kwa swali lenyewe. Hoja ni sababu moja inayoutetea au kuupinga msimamo huo. Na ithibati ni mfano, tukio au maelezo yanayoifanya hoja iaminike. Mwanafunzi anayeandika kurasa mbili kuhusu ubaya wa plastiki ameishughulikia mada bila kulijibu swali, kwa kuwa aliulizwa kuhusu marufuku na wala si kuhusu plastiki. Neno “jadili” nalo linadai pande zote mbili, ilhali “eleza” lingemruhusu kushughulikia upande uliotajwa tu.

Kabla ya kuanza kuandika, tenga dakika tano za mpango. Orodhesha hoja zako upande mmoja wa karatasi na ithibati zake upande wa pili; hoja isiyopata ithibati iachwe, au iunganishwe na jirani yake.

Utangulizi uwe mfupi. Mapambazuko, ndege walioimba na jua lililochomoza ni mapambo ya insha ya masimulizi, na hata huko yamechosha. Katika insha yetu yatosha kusema kwamba Rwanda ilitangulia kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka wa 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, kisha msimamo utajwe kwa sentensi moja.

Kazi kubwa imo katika aya za mwili, ambazo kila moja hubeba hoja moja tu. Aya huanza na sentensi kiini inayoitaja hoja, ikafuatwa na maelezo na ithibati, kama hivi:

“Manufaa ya kwanza ya marufuku haya yanahusu mitaro ya maji ya mvua. Mfuko mwembamba wa plastiki hauozi upesi, na unapotupwa barabarani huburutwa na maji hadi mtaroni, ukaziba njia, na maji yakafurika hadi majumbani. Mifuko hiyo inapoadimika sokoni, chanzo kimoja cha kuziba kwa mitaro hupungua, ingawa chupa za plastiki bado zimesalia.”

Sentensi ya kwanza ndiyo kiini. Ya pili inaonyesha jinsi madhara yanavyotokea hatua kwa hatua, nayo ya tatu inarudi kwenye marufuku, mahali ambapo wanafunzi wengi husahau kurudi. Kukiri kuhusu chupa hakuidhoofishi hoja. Kunamwonyesha msomaji kwamba mwandishi amepima.

Aya za upande wa pili hujengwa vivyo hivyo: wachuuzi waliolazimika kununua mifuko ya bei ya juu zaidi, na wafanyakazi wa viwanda vilivyoitengeneza ile ya zamani. Ziandike kwa haki, kisha uonyeshe kwa nini hazijaubadilisha msimamo wako.

Viunganishi huteuliwa kwa kazi yake. “Aidha” na “fauka ya hayo” huongeza hoja ya upande uleule. “Hata hivyo” hugeuza upande. “Hivyo basi” huleta matokeo. “Fauka ya hayo” hupendwa mno, hata hutumiwa kufungulia aya inayopinga iliyotangulia, na mtiririko ukavunjika papo hapo. Methali nayo ni moja tu, iliyokaa mahali pake.

Hitimisho hulijibu swali waziwazi kwa kuzipima pande mbili. Hoja mpya haina nafasi hapo. Ukimaliza, isome insha upya ukitazama upatanisho wa kisarufi na tahajia, hasa “kwa sababu” inayoandikwa kimakosa kama neno moja, na “ili” na “hili” zinazobadilishwa mahali kimakosa. Ili kukadiria urefu bila kuhesabu neno kwa neno, hesabu maneno ya mistari mitatu, tafuta wastani, kisha uzidishe kwa idadi ya mistari uliyoandika.