Jeni ya Hepesi ya Ng'ombe Ikifutwa: Namna ya Kupima Zilizobaki

Ukifuta jeni moja ya BoHV-1, virusi vya hepesi vinavyowasababishia ng'ombe IBR (ugonjwa wa pua na koromeo), usiharakishe kusema jeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikizitawala nyingine. Jenomu yake ina jozi za besi zipatazo 135,000, na jeni zimebanana humo; majirani wengi hugawana mkia mmoja wa RNA. Ukigusa moja, umemgusa na jirani. Tena unahitaji virusi vya aina tatu: vya asili, vilivyofutwa jeni, na vilivyorudishiwa jeni ileile mahali pake. Hali isiporejea kwa hivyo vya tatu, kasoro iko kwingine kwenye jenomu.

Panda seli milioni 1 za MDBK (seli za figo ya ng'ombe) katika kila shimo la sahani ya mashimo 6. Ambukiza kwa chembe 5 za virusi zenye uwezo wa kuambukiza kwa kila seli, ili zaidi ya 99% ziambukizwe pamoja. Acha saa 1 kwenye 37 °C, osha mara mbili, kisha vuna seli saa ya 2, 4, 8 na 12 ili upime RNA ya kila jeni kwa PCR. Shimo moja litie saikloheksimidi, mikrogramu 100 kwa mililita, kabla ya virusi: protini mpya hazitaundwa, na utaona jeni za mwanzo kabisa peke yake.

Wengi hukwama kwenye DNA. Jeni nyingi za hepesi hazina introni (vipande vinavyokatwa RNA inapokomaa), hivyo huwezi kupanga praima, yaani vipande vifupi vya kuanzishia PCR, zinazoruka introni. DNA ya virusi iliyosalia itasomeka kama RNA. Tumia DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) uniti 1 kwa kila mikrogramu ya RNA, dakika 30 kwenye 37 °C. Ongeza EDTA, inayoshika magnesiamu, ndipo upashe moto 65 °C kwa dakika 10. Bila EDTA, magnesiamu huikatakata RNA kwenye joto. Kila sampuli iwe na mrija usiotiwa kimeng'enya cha kunakili RNA. Mrija huo ukichelewa mizunguko 7 ya PCR au zaidi nyuma ya mwenzake, DNA haifiki 1%.

Usilinganishe na GAPDH, jeni ya seli inayotumiwa sana kama kipimo cha kulinganishia. Protini ya UL41, jeni ya virusi, huharibu RNA za seli, basi kipimo chenyewe hushuka; tumia 18S, RNA ya ribosomu. Na kama uliyofuta ni UL41, RNA hudumu muda mrefu zaidi: kiasi kitapanda hata kama uandikaji (kunakili DNA kuwa RNA) haukuongezeka.

Pima pia nakala za DNA ya virusi kwenye seli hizohizo. Aina inayokua kwa shida, kama iliyofutwa bICP0 (jeni inayowasha nyingine), ina violezo vichache, yaani nakala chache za DNA, na RNA yake ya baadaye itapungua hata kama kila kiolezo kinaandikwa vizuri.

Umeme hukatika, kwa hiyo seli zilizovunwa ziende moja kwa moja kwenye myeyusho wa fenoli na guanidini. RNA ndani yake huvumilia saa kadhaa nje ya friza. Taka zote zenye virusi, isipokuwa zenye fenoli na guanidini, zipite kwenye otoklevu. Otoklevu ya zamani yenye geji ya shinikizo tu, hapa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, iweke psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17 hivi badala ya 15, la sivyo haifiki 121 °C.