Kuchonga hedi ya dizeli yenye turbo: lini inalipa, na inachongwaje

Kuchonga hedi ni kupanua na kulainisha matundu ya kichwa cha injini, yale yanayoingiza hewa na kutoa ekzosi. Wenye pikapu za dizeli hubishana kuhusu kazi hiyo kwa kuuliza turbo, ile pampu inayosukuma hewa injini, inasukuma psi ngapi (paundi za presha kwa inchi ya mraba). Swali la kuanza nalo ni lingine: injini inazunguka mara ngapi kwa dakika wakati unapohitaji nguvu? Hapa tunatumia Cummins 5.9 ya silinda sita, iliyofungwa kwenye Dodge Ram kuanzia 1989 hadi 2007, kwa sababu ndiyo injini inayochongwa sana huko Marekani na tabia zake zinajulikana.

Hewa inapopita kwenye tundu la hedi hupoteza presha kidogo. Sehemu inayopotea, ukiilinganisha na presha yote iliyopo, hufuata kasi ya hewa ikizidishwa kwa yenyewe, na kasi hiyo hutokana na mizunguko ya injini. Ukiongeza presha ya turbo bila kubadili mizunguko, hewa inakuwa nzito lakini kasi yake tunduni inabaki karibu ileile, kwa hiyo asilimia inayopotea haibadiliki sana. Ukitoka mizunguko 2,000 kwenda 4,000, hasara inakuwa mara nne. Ndiyo maana pikapu inayovuta trela mlimani kwa mizunguko 2,000 haipati chochote cha maana kwenye hedi iliyochongwa, na ile ya mashindano inayofika 4,000 na zaidi inafaidika waziwazi.

Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Kwenye mizunguko 3,000 injini ya lita 5.9 ina nafasi ya kumeza lita 8,850 za hewa kwa dakika, maana kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Turbo ikisukuma psi 29 na hewa ikitoka kwenye intakula (kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini) ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 3.14 hivi. Silinda zikijaa kwa asilimia 85, injini inapata kama kilo 23.6 za hewa kwa dakika. Tuseme uchongaji umepandisha ujazo huo hadi asilimia 90: sasa ni kilo 25, yaani asilimia 6 zaidi. Kiasi hichohicho ungekipata kwa kuongeza psi 2.6 kwenye turbo, ilimradi turbo bado ina uwezo. Kwa gari la barabarani kazi inaishia hapo: ongeza hizo psi, hedi iache kama ilivyo.

Pima kabla ya kufungua

Funga geji mbili za presha. Ya kwanza isome presha ya hewa inayoingia. Ya pili isome presha ya ekzosi kabla ya turbo: toboa manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), kata nyuzi za skrubu za inchi 1/8, funga bomba jembamba la chuma la sentimita 60 hivi lililozungushwa ili joto lipungue, ndipo uunganishe geji. Ongeza kipimajoto cha ekzosi kwenye manifoldi hiyohiyo. Kisha kanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa na mzigo, na usome.

Presha ya ekzosi ikiwa karibu sawa na ya hewa inayoingia, turbo inaitosha injini. Ikiwa mara mbili yake, turbo ni ndogo na imebana, na hakuna hedi itakayokuponya: badilisha turbo kwanza. Kama presha hizo mbili zinakaribiana, turbo ina akiba, na bado mizunguko ikipita 3,200 moshi mweusi unazidi na joto la ekzosi linapita nyuzi 700 za Selsiasi, hapo hedi ina kesi ya kujibu.

Hata hivyo, kabla ya hedi kuna vitu vya bei nafuu. Springi za valvu zenye nguvu zaidi, zile zinazoitwa za paundi 60, ni lazima kwa injini ya valvu 12 (toleo la zamani la Cummins hii) inayozungushwa kupita 3,000 au yenye presha kubwa ya ekzosi, kwa sababu presha hiyo husukuma valvu ya ekzosi ifunguke wakati haitakiwi. Stadi za hedi zenye ubora, yaani boliti zinazoibana hedi kwenye injini, huja kabla presha haijapandishwa sana. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, pia mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kuchonga, na vikifanywa pamoja kila kimoja humsaidia mwenzake.

Tatizo la umbo la Cummins

Kwenye hedi hizi sanduku la hewa inayoingia limesubiwa pamoja na hedi yenyewe. Matundu yamejificha ndani yake, na biti ya kuchongea haifiki vizuri mahali pa kuanzia. Mtu akikuambia amechonga upande wa kuingiza hewa bila kukata sanduku hilo, ujue amefanya kazi karibu na valvu tu. Kazi hiyo ina faida yake, lakini ni nusu. Injini za mashindano hukatwa sanduku lote kwa mashine, uso ukasawazishwa, kisha manifoldi ya pekee yenye bomba la kila silinda ikafungwa kwa boliti. Gharama hupanda hapo.

Utaratibu wa kuchonga

Anza kwa kuosha hedi kwenye tangi la moto na kuikagua nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, hasa nafasi kati ya siti za valvu, yaani pete ambazo valvu hukalia zikifunga. Ipime presha kwenye njia za maji. Hedi yenye ufa usiichonge.

Weka valvu kuukuu kwenye kila siti, maana biti ikiteleza mara moja siti inaharibika. Kwa chuma cha kusubu tumia biti za kabaidi (chuma kigumu sana) zenye meno yaliyokatana, za shina la milimita 6 lililo refu, kwenye grainda ndogo ya hewa. Vaa miwani na barakoa nzuri. Vumbi la chuma lililochanganyika na masizi si la kuvuta.

Faida kubwa iko ndani ya milimita 25 za mwisho kabla ya siti. Ondoa kingo kali zilizoachwa na mashine chini ya siti, na ulete koo la tundu kwenye asilimia 88 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Ukivuka hapo siti inapoteza chuma cha kuishikilia na joto la valvu halipati pa kutokea. Kona fupi ya ndani izungushwe tu. Usiishushe, kwa sababu hewa inayoruka kona hiyo huziba nusu ya tundu. Chuma kinachozunguka bushi ya valvu, ile inayoongoza shina lake, kichongwe kiwe chembamba kama pezi, lakini bushi yenyewe usiifupishe.

Upande wa hewa inayoingia una hatari moja ambayo mafundi wa petroli huisahau. Matundu ya dizeli ya sindano ya moja kwa moja, ambayo mafuta yake hupulizwa ndani ya silinda yenyewe, yamepindwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka, na mzunguko huo ndio unaochanganya mafuta. Ukinyoosha mpindo kwa kutafuta hewa nyingi, gari litatoa moshi kwenye mizunguko ya chini na litachelewa kuamsha turbo. Injini za reli ya pamoja (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote) za 2003 na kuendelea, ambazo presha ya mafuta yake hufika bar 1,600, huvumilia zaidi. Zile za zamani zenye pampu ya mafuta ya kimekanika ya Bosch P7100 huadhibu haraka. (Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ hazina tatizo hili kwa sababu zina chemba ya awali, chumba kidogo ambamo mafuta huanza kuwaka, lakini hedi zake hupasuka kwa joto, kwa hiyo turbo ikifungwa humo shughulikia joto kwanza.)

Usitoe zaidi ya milimita moja hadi moja na nusu ukutani bila kupima unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Nyuma ya ukuta huo kuna maji. Kwenye maungio, tundu la hedi upande wa kuingia liwe kubwa kidogo kuliko la manifoldi; upande wa ekzosi manifoldi ndiyo iwe kubwa. Hewa isikutane na ngazi mbele yake.

Umaliziaji wa msasa namba 80 unatosha upande wa kuingia. Kung'arisha kama kioo hakuongezi hewa. Ekzosi iwe laini zaidi, kwa kuwa masizi hushika polepole.

Siti zikatwe upya baada ya kuchonga. Cummins hutumia pembe ya nyuzi 30 kwa valvu za hewa na 45 kwa ekzosi. Zibaki hivyo, ukiongeza pembe za juu na chini za kulainisha njia. Kisha pima matundu yote kwenye benchi la hewa, mashine inayopima hewa inayopita, kwa presha ya inchi 28 za maji, katika kila hatua ya ufunguzi wa valvu. Matundu sita yanayolingana ni bora kuliko manne mazuri na mawili dhaifu, kwa sababu silinda yenye hewa kidogo ndiyo inayochemka na kuyeyusha pistoni.

Uso wa hedi ukiparazwa, angalia tena valvu zimezama kiasi gani na ncha ya injekta (inayopuliza mafuta) imetokeza kiasi gani. Unene wa washa ya shaba hurekebisha hilo. Kwa injini ya valvu 12, weka nafasi ya valvu ikiwa baridi: milimita 0.25 za hewa, 0.50 za ekzosi.

Ukiwasha na kujaribu barabarani, geji ya turbo inaweza kusoma chini kuliko zamani. Hewa ileile sasa inapita bila kubanwa, kwa hiyo presha haijilundiki nyuma ya hedi. Soma presha ya ekzosi na joto: vikishuka pamoja, kazi imefanikiwa, na ndipo unapoweza kuongeza mafuta kidogokidogo hadi joto lirudi kwenye kiwango cha awali. Bila mafuta hayo utabaki na injini yenye moshi kidogo na joto kidogo, lakini nguvu karibu ileile.