Kabla ya kitabu, sikio: ninavyofundisha Gredi ya Kwanza kusoma

Mwaka jana, hapa Kayole, Nairobi, msichana mmoja alinisomea "Kuku anakula mahindi" bila kusita. Nikafunika picha, nikaweka kidole kwenye neno "mahindi". Akasema, "Kuku." Alikuwa ameukariri ukurasa mzima kwa kuitikia na wenzake, na hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza peke yake. Hakuwa mzembe. Alifundishwa kuitikia, akaitikia.

Hatua ya 1: Masikio. Vitabu vibaki mkobani. Pigeni makofi kwa silabi: cha-pa-ti, ma-to-ke. Msiruke "mtoto", maana m hapo ni silabi kamili: m-to-to, makofi matatu. Kisha ulizeni, "Nani jina lake linaanza na mmm?" Tamka sauti yenyewe, si "em" wala "ma". Dakika kumi kila asubuhi zinatosha. Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa Marekani lilipitia tafiti nyingi na kutaja mambo 5 yanayomjenga msomaji: kutambua sauti, kuoanisha sauti na herufi, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Sauti ndizo wengi wetu tunazoruka, tukikimbilia ubaoni.

Hatua ya 2: Silabi. Anza na a, e, i, o, u, kisha m, l, k, t. Mimi hukata kadi kutoka katoni za sabuni, nikaandika ma, la, ka, ta. Watoto wanazipanga: mama, lala, kaka, kata. Halafu nawapa "laku" na "temi", maneno yasiyo na maana yoyote. Hapo ndipo ukweli unajitokeza, kwa sababu "laku" hajaikariri mtu. Mb, nd, ny na ng' ya ng'ombe zisubiri muhula wa pili.

Walimu wenzangu, Kiswahili kimetubeba hapa, maana kinaandikwa kinavyotamkwa. Utafiti uliochapishwa 2003 ulilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Waliosoma lugha kama Kifini, ambazo nazo huandikwa zinavyotamkwa, walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno waliyoyazoea. Waliosoma Kiingereza, kama asilimia 34 tu. Kwa hiyo mtoto asipotambua silabi za Kiswahili kufikia mwisho wa mwaka, usiseme lugha ni ngumu. Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Soma wewe, someni pamoja, asome peke yake. Wengi wetu huishia kwenye "pamoja", na darasa la watoto 50 wakiitikia hufunika walio kimya. Mimi husikiliza watoto watano kila siku, dakika moja kila mmoja, kidole kikiwa chini ya neno, nikihesabu maneno aliyosoma sawa. Wiki mbili za shule nimewamaliza wote 50. Hili linahitaji kila mtoto awe na kitabu chake. Mpango wa Tusome wa kufundisha kusoma, ulioanza 2015 katika shule za umma za Kenya, ulitilia jambo hilo uzito, na naomba tusirudi kule kwa watoto wanne kung'ang'ania kitabu kimoja.

Hatua ya 4: Maana. Wasomee hadithi kila siku, uliza "kwa nini?" na "unadhani nini kitafuata?" Mzazi anaweza kufanya hivi nyumbani jioni hata kama kitabu ni kimoja.

Mtoto akikwama, usimtajie neno. Funika sehemu iliyobaki kwa kidole, umwachie silabi ya kwanza. Subiri. Fungua ya pili. Yule msichana alipofika "mahindi" mwezi wa sita, nilimfungulia ma, nikafungua hi, na kabla sijaondoa kidole kwenye ndi alikuwa ameshalisema neno zima, akanitazama usoni kuona kama nimesikia.