Jinsi ya kujua mapema ladha itakavyobadilika kwa mionzi ya kichwa na shingo

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha mionzi. Mgonjwa wa saratani ya mdomo, koo au zoloto (sehemu ya koo inayotoa sauti) akija kwangu kabla ya kuanza tiba, humwomba amuulize daktari wake swali moja: mionzi itapita sehemu gani za mdomo wangu, na kwa dozi gani? Jibu hilo litakueleza habari za ladha zaidi kuliko jina la saratani yenyewe.

Ukishapigwa picha ya CT ya maandalizi, wataalamu huchora ramani ya dozi kwenye kompyuta. Omba ufunguliwe uione. Ni haki yako. Dozi hupimwa kwa grei. Mara nyingi uvimbe hupewa grei 60 hadi 70, zikigawanywa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Usiishie kwenye namba hiyo. Uliza ulimi na mdomo vitapata wastani wa grei ngapi, kisha uulizie tezi za mate zilizo mbele ya masikio, maana mdomo mkavu huchelewesha ladha kurudi. Tezi iliyopata wastani usiozidi grei 26 hivi ina nafasi nzuri ya kurudisha mate baadaye. Mwenye saratani ndogo ya zoloto, ambaye mionzi inalenga hapo tu, huenda asione tofauti kubwa. Mwenye saratani ya shina la ulimi au ya tonsili ajiandae.

Tena ajiandae kwa tarehe. Seli za kuonja huishi siku kumi hadi wiki mbili hivi, kisha nyingine huzaliwa kushika nafasi zake. Mionzi huzuia huko kuzaliwa, kwa hiyo zilizopo huendelea kufanya kazi mpaka zife, na hakuna za kuzirithi. Ndiyo maana wiki ya kwanza chakula huwa kile kile, na mtu akadhani amesalimika. Weka alama kwenye kalenda wiki ya pili na ya tatu: hapo ndipo mabadiliko huanza. Hali huwa mbaya zaidi mwishoni mwa tiba na wiki chache baada yake. Ladha kupotea hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa, na wala si dalili kwamba ugonjwa umezidi.

Ukipewa na dawa za saratani, hasa sisiplatini, tegemea pia ladha ya chuma mdomoni. Vijiko vya plastiki husaidia baadhi ya watu.

Kabla ya siku ya kwanza, jipime nyumbani. Andaa vikombe vinne vya maji: kimoja tia sukari, kingine chumvi, cha tatu limau, cha nne kahawa isiyo na maziwa wala sukari. Onja tone la kila kimoja huku umebana pua, maana harufu hubeba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha. Sukutua kila baada ya kuonja. Andika: naisikia vizuri, kidogo, au siisikii kabisa. Rudia kila wiki kwa vipimo vile vile, ila vidonda vikitokea uache limau. Karatasi hiyo njoo nayo kliniki, tafadhali. Inatuonyesha kitu ambacho "chakula hakina ladha" haiwezi kutuonyesha. Kama ladha imeharibika ghafla na kuna utando mweupe ulimini, yaweza kuwa fangasi, na fangasi ana dawa.

Ukishajua wiki ngumu ni zipi, panga chakula kwa saa, usingoje hamu. Mayai, maziwa na maharage laini yenye mchuzi hupita hata mate yakiwa machache. Jipime uzito kila wiki, na ukishuka mfululizo tuambie siku hiyo hiyo. Wengi huniuliza kuhusu vidonge vya zinki. Utafiti mkubwa uliovijaribu kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo haukuona vikizuia upotevu wa ladha, kwa hiyo sivipendekezi kwa ajili hiyo.

Baada ya tiba endelea na vikombe vyako, safari hii mara moja kwa mwezi. Kwa wengi ladha hurudi taratibu ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka, na hairudi yote kwa pamoja: huenda chumvi ikatangulia, au sukari. Wapo ambao hairudi yote, hasa mdomo ukibaki mkavu. Ukiona miezi inapita na karatasi haibadiliki, mwombe daktari akupime mate na kinywa, na umwone mtaalamu wa lishe.