Namna ya kusoma mkataba wa Marekani ya zamani bila kuzugwa na hotuba

Wadau wa fomu 5 na 6 mlioniomba hii kitu, ntaandika kama tunavyoongeaga tyusheni hapa Tabora.

Kwanza kabisa hotuba za viongozi weka pembeni, zitasomwa mwisho. Anza na ushuru, jiulize serikali inapata wapi hela. Mfano 1793, Ufaransa iko vitani na Uingereza, Marekani ina mkataba na Ufaransa toka 1778, na hao ndo waliowabeba kwenye vita ya uhuru, ila rais George Washington anatangaza sisi hatumo. Wengi mnaandika "alipenda amani" mnafunga daftari. Haya, jeshi la maana hakuwa nalo, ila angalia na hazina: serikali yake ilikuwa inaishi kwa ushuru wa forodha, na mzigo mwingi ulikuwa unatoka Uingereza, sasa ugombane nao alafu deni la vita ulipe na nini? Waziri wa fedha Hamilton hilo alilijua vizuri sana, na 1794 wakasaini mkataba wa Jay (jina la mjumbe wao) na Waingereza haohao.

Pili tafuta kura ziko wapi. Rais Jefferson alikuwa anashikilia katiba neno kwa neno, ila 1803 kanunua Louisiana, eneo kubwa la Ufaransa huko Amerika, kwa dola milioni 15 na katiba haikusema popote kuhusu kununua nchi, kisa wakulima wa magharibi walikuwa wanashusha mazao kwa mto Mississippi mpaka New Orleans, na hao ndo wapiga kura wake. Haiti je? Watumwa waliasi, ikajitangazia uhuru 1804, Marekani kuitambua ni 1862, wenye watumwa kule kusini walikuwa hawataki hata kusikia.

Tatu, cheki aliyetumwa ni nani, na hii ndo naipenda maana inafika mpaka kwetu. 1833 mjumbe wa Marekani Edmund Roberts anasaini mkataba na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kule Muscat, ushuru wa bidhaa asilimia 5 basi, alafu 1837 konseli wao (mwakilishi wa serikali) anatua Zanzibar, Richard Waters, naye ni mfanyabiashara wa Salem, mji wa bandari kule Marekani! Yani mwenye muhuri ndo huyohuyo mwenye duka. Vitambaa vyao vikapanda bara na misafara, pembe za ndovu zikashuka pwani kwa njia ya Ujiji na Tabora, jora likawa ndo hela ya njiani. Bibi yangu mpaka leo kitambaa cheupe kisicho na maua anakiita merikani, nlimuuliza kwanini akasema ndo jina lake, akaendelea kushona foronya.

Ukimaliza hapo ndo fungua tamko la rais Monroe la 1823, lile la kuwaambia Wazungu wa Ulaya wasiingilie nchi za Amerika, penseli mkononi, kila ukikuta neno uhuru andika pembeni: bandari ipi, mzigo wa nani.