Gari ya zamani na ukaguzi hapa Tanga: angalia haya kabla hujaipeleka

Wenye Corolla za zamani, Carina, Noah za mwanzo na Mark II hapa Tanga, hii inawahusu. Ukaguzi ukikaribia watu wanakimbilia injini, mara plagi mara kumwaga oili, alafu gari inarudishwa kwa sababu taa ya breki ya upande mmoja haiwaki na mpira wa waipa umekauka kama kamba. Mkaguzi hana shida na ulaji wako wa mafuta, anachotaka kujua ni kama gari itasimama ukikanyaga, itaonekana usiku, itafuata usukani na haitadondosha kitu barabarani. Kwaiyo sehemu kubwa ya kazi unaimaliza mwenyewe nyumbani jioni moja, ukiwa na jeki, tochi na kijana wa kukukanyagia breki.

Makaratasi kwanza, maana ndo yanayokera kuliko yote. Shika kadi ya gari uende nayo mpaka pale chesesi namba ilipogongwa, usome tarakimu moja moja. Gari zilizokaa sana huku baharini hapo huwa pameliwa na kutu, na namba isiyosomeka ni kesi nyingine kabisa, tumia brashi na mafuta ya taa taratibu, usimruhusu fundi kupitisha grainda hata akikwambia ni dakika mbili. Kama injini ilishabadilishwa au gari ilipigwa rangi nyingine hakikisha TRA wana habari na kadi inasoma hivyo hivyo. Angalia bima iko hai na inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, sio kwenye simu ya aliyekuuzia tu, alafu pitia na madeni ya trafiki. Wanaouliza habari za road license, ile ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, sahau. Mtungi wa kuzimia moto uwe na mshale kwenye kijani, na zile pembetatu nyekundu ziwepo kweli sio boksi lake.

Sasa taa, na hapa nakaa kidogo maana ndo zinarudisha gari nyingi kuliko kitu chochote. Balbu ya nyuma ya gari nyingi hizi ina nyuzi mbili ndani, moja ya wati 5 ya taa ya usiku na moja ya wati 21 ya breki. Ule wa breki ukikatika ule mdogo unaendelea kuwaka vizuri tu, na wewe ukizunguka gari usiku unaona taa zipo, roho yako safi. Usiku rudi nyuma karibu na ukuta, kanyaga breki uangalie mwanga kwenye ukuta, pande zote mbili zilingane. Kama ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo inacheza cheza, au taa zinafifia ukikanyaga breki, usikimbilie kununua balbu. Hiyo mara nyingi ni erthi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Chumvi ya bahari na unyevu wa huku vinakula pale waya huo unapofungwa kwenye bodi, unakuta bolti imefanya ukoga wa kijani. Fungua, piga msasa mpaka uone chuma, funga, paka grisi juu yake, mara nyingi tatizo limeisha na hujatoa hata hela ya soda. Indiketa inayokwenda haraka haraka kuliko kawaida inakwambia kuna balbu imekufa upande huo. Taa ya namba ya gari watu wanaisahau kabisa.

Taa za mbele zikiwa za njano kama chai ya maziwa, sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, malizia na polishi. Hizi balbu za LED za kuchomeka kwenye taa ya kawaida binafsi sizipendi, zinamwaga mwanga kila mahali na anayekuja mbele haoni kitu. Na kama gari yako ni ya usukani wa kushoto, mwanga wake umekatwa kwa ajili ya nchi wanaoendesha kulia, ukiwasha dimu, ile taa ya chini, bado unawapiga machoni wanaokuja, hilo halinyooki kwa kuzungusha skrubu, inatakiwa taa nyingine.

Breki. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedo na ushikilie nusu dakika bila kupampu. Ikizama polepole kuna mahali panavuja au masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedo, imechoka ndani, na hapo ukaguzi weka pembeni kwanza, gari isitembee. Alafu zima injini, pampu mpaka pedo iwe ngumu, shikilia hivyo hivyo uwashe, pedo inatakiwa ishuke kidogo, isiposhuka basi hydrovaki, lile dumu linalolainisha pedo, au mpira wake una shida. Gari ikivuta upande mmoja ukifunga breki mara nyingi ni kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, imeganda kwa kutu au mafuta yamegusa pedi. Mafuta ya breki yenyewe yanavuta unyevu hewani, kwa hali ya hewa yetu yakikaa miaka mitatu au minne yanakuwa meusi, yabadilishe tu. Hendibreki nayo: Tanga mjini ni tambarare, kuanzia Raskazone mpaka Chumbageni huna kilima cha kukufanya uivute, basi waya unakaa bila kazi mpaka unaganda ndani ya mpira wake, siku ya ukaguzi unavuta mpaka juu na gari inatembea. Anza kuivuta kila unapopaki kuanzia leo.

Chini ya gari ndo hela iliko. Piga jeki, weka kitu kigumu chini, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata siku moja. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza mwambie kijana akanyage breki, mchezo ukiisha ni bearingi, ukibaki ni bolijointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika mguu wa tairi. Shika kushoto na kulia, likicheza hapo ni tairodi au reki endi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi. Fundi mzuri wa chini atakuonyesha mchezo kwa macho yako kabla hajataja bei, anayekwambia "badilisha zote" akiwa amekaa kwenye ndoo muache. Ile kok kok ukipita kwenye tuta mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo cha chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, bei yake ndogo, ila mipira ya bolijointi iliyopasuka usiibeze, maji na mchanga vikishaingia haichukui muda.

Matairi, kipara kila mtu anakiona, lakini ndani ya zile njia za tairi kuna vinundu vidogo, tairi ikilingana navyo umebaki na milimita 1.6 na imeisha. Angalia na upande wa ndani, alaimenti ikiwa mbovu tairi inaliwa ndani huku nje inang'aa. Kwa matairi ya mtumba soma tarakimu nne za mwisho wa DOT, yale maandishi ya ubavuni mwa tairi, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata (meno ya tairi) zote zipo hiyo raba imeshakuwa mzee.

Kutu. Wanaoshusha gari mchangani siku za sikukuu alafu wakaosha juu tu, mnajua wenyewe. Chukua bisibisi ugonge gonge chini ya milango, sakafu ya dereva na pale juu shokapu inapokaa. Ikitoboka inatakiwa ikatwe na ichomelewe bati jipya, puti na rangi vinaficha tu mpaka mkaguzi apige ngumi. Na injini usiioshe asubuhi ya kwenda, oili ikianza kudondoka pale pale kwenye foleni mkaguzi anajua ulikuwa unaficha nini. Ioshe siku tatu kabla, uone wewe mwenyewe inavuja wapi.

Kuna mafundi wanang'oa balbu ya cheki injini au ya ABS. Mkaguzi anayejua kazi anawasha switchi bila kuwasha injini, anasubiri taa zote za dashibodi ziwake, ambayo haikuwaka ndo anaanzia hapo.

Alafu tusidanganyane, gari kupita sio kwamba ni nzima. Hakuna anayefungua kuangalia taimingi belti, giaboksi au rejeta iliyojaa tope, na mkaguzi mmoja anaweza kuachia kitu ambacho mwenzake angekushikia. Kama safari yako ni kupandisha Lushoto kutoka Mombo au kwenda Segera hadi Dar, rejeta na mipira yake ya maji uvikague kivyako hata kama stika iko kwenye kioo.

Ukirudishwa usibishane, omba uandikiwe makosa yote kwa mara moja, sio moja leo jingine kesho. Tengeneza yale yaliyoandikwa, spea za zamani usizitupe, weka kwenye mfuko pamoja na risiti uende navyo siku ya kurudi.