Kutoa V6 mbili na kuweka V8 kwenye boti ya zamani, Kisumu

Injini yenyewe ndiyo kazi rahisi. Kinachokula pesa na siku ni vile vilivyo kati yake na maji: ubao wa tezi (ukuta wa nyuma wa boti), draivu (mguu ulio nje nyuma ya boti, unaobeba propela), gia na propela. Maelezo haya ni ya boti yenye injini mbili za MerCruiser za V6 (silinda sita), lita 4.3, na draivu za Alpha One, inayotiwa V8 (silinda nane) za lita 5.7. Kama yako ni ya aina nyingine, vipimo vichukue kwenye kitabu chake.

Kabla ya kuagiza chochote, chukua nyundo ya mpira ugonge ubao wa tezi kutoka ndani, hasa kuzunguka tundu la draivu. Mlio mkavu ni ubao mzima. Mlio wa kufa, kama unagonga gunia la mchanga, ni ubao uliooza. Ukitilia shaka, toboa kwa biti ya milimita 5 bila kutokea nje. Unga wa mbao ukitoka mweusi na umelowa, kazi ya kwanza ni kujenga tezi upya. Unene unaotakiwa ni milimita 51 hadi 57.

V6 hiyo kimsingi ni V8 iliyopunguzwa silinda mbili, kwa hiyo kofia ya flaiwili inafungika kwa bolti zilezile. Urefu ndio unaozidi, takriban sentimita 11, na miguu ya mbele ya injini itasogea kiasi hicho. Hakikisha mihimili ya sakafuni inafika hapo na ni mizima, na kwamba kati ya injini mbili mkono bado unapita kufikia filta ya oili. Mafundi wengi hukumbuka hili la filta siku ya sevisi ya kwanza.

Kisha tazama propela. Kama moja inazunguka kinyume cha mwenzake, kwenye Alpha maana yake injini ya upande huo ndiyo inayozunguka kinyume: kamshafti yake ni tofauti, stata tofauti, hata sili ya krenki. Ukiweka injini ya kawaida pale ukaiacha propela ya zamani, utatia gia ya mbele na boti irudi nyuma. Nunua propela ya mkono sawa na ya pili, na impela mpya ya pampu ya maji, kwa sababu mapezi ya ile ya zamani yamekwisha kulala upande mwingine. Boti itavuta kidogo upande mmoja, si zaidi.

Gia nazo: draivu ya 4.3 huwa na uwiano wa 1.84 au karibu na hapo (injini huzunguka mara 1.84 propela ikizunguka mara moja), ya V8 ni 1.47 au 1.50. Ukiacha ile ya zamani, injini itamaliza mizunguko mapema huku propela inazunguka polepole.

Usikubali stata, oltaneta wala kabureta ya gari, hata duka la vipuri mjini likikuuzia kwa nusu bei. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya stata isiyozibwa inatosha.

Draivu hutoka kwanza, injini baadaye, kwa cheni bloki ya tani moja. Zikiwa nje, badilisha mipira yote ya mikunjo (inayozuia maji kati ya boti na draivu) na beringi ya gimbali, inayoshika shafti ya draivu inapopita kwenye tezi. Injini mpya ikishakaa, paka grisi ncha ya chuma cha kulinganishia, kisukume kupitia beringi hadi kwenye meno ya kapla, kiungo cha injini na shafti ya draivu. Kiingie na kutoka kwa vidole viwili. Kitoe utazame grisi: meno yameacha alama sawa pande zote? Kama ni juu au chini tu, zungusha nati za miguu ya mbele robo kwa robo, upime tena. Ukilazimisha draivu iingie kwa nyundo, utakula meno ya kapla na injini itatoka tena.

Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo nguvu farasi 260 za kwenye bamba huku ni kama 230. Anza na propela ya pichi (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja) pungufu ya inchi 2 kuliko ile ya pwani. Kila inchi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika; ukiwa na mzigo wa kawaida na gesi yote, ufike ndani ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu.

Anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya draivu) za zinki ni za maji ya chumvi. Huku weka za magnesi. Baada ya kupita kwenye gugumaji, tazama geji ya joto kabla ya kuongeza gesi: majani hunata kwenye matundu ya kunyonyea maji, na impela ikikauka haidumu. Simama, zima, inua draivu, ng'oa majani kwa mkono.

Saa 20 za kwanza zikiisha, mwaga oili, kaza upya miguu ya injini, ondoa draivu na urudie kipimo cha grisi.